Kishindo FC na Geti la Jabalini

Hapo zamani za kale, mpira ukiwa bado unashonwa kwa magome ya mgomba na refa akipuliza filimbi ya mwanzi, wanyama wa bonde moja walikuwa na ligi yao. Timu nane, nyumbani na ugenini. Na msidhani, wanangu, kwamba waligombea kikombe. Kikombe cha nini kwa mtu anayekunywa kwa ulimi? Waligombea maji.

Desturi yao ilikuwa hivi. Timu tatu za juu, pamoja na jamaa zao wote, hukaa kiangazi kizima kwenye Chemchemi ya Jabalini. Timu tano za chini hufunga virago na kuvuka mbuga siku nne hadi Mto wa Mbali, ambako maji ni mengi na mamba ni wengi kuliko maji.

Mwaka huo ilikuwa imebaki mechi moja. Nafasi ya kwanza na ya pili zilikwisha kupata wenyewe. Ya tatu walikuwa wameikalia Kishindo FC, timu ya wakubwa: Nyati mwenyekiti na nahodha, Kifaru straika, Kiboko kipa. Ya nne, nyuma yao kwa pointi mbili, walikuwa Changarawe, timu ya wadogo. Na hiyo mechi moja iliyobaki ilikuwa, hebu kisieni, Changarawe na Kishindo, kwenye uwanja wa Changarawe. Kishindo sare iliwatosha. Changarawe ilikuwa lazima washinde.

Mzunguko wa kwanza walifungwa sita bila. Na hilo bao la sita Kifaru alilifunga kwa bahati mbaya. Alikuwa anatafuta njia ya kwenda nyumbani.

Nahodha wa Changarawe alikuwa Pimbi, yule mnyama wa majabalini: mnene kidogo kiunoni, hana mkia, na umri wake ule wa mtu kuinuka kitini huku akisema “yalaa!” Kila alasiri aliketi juu ya jiwe lake bapa, birika la kahawa mbele yake, akichambua mpira kwa yeyote aliyepita. Msimu huo alikuwa ametabiri mechi kumi na tatu. Akapatia moja tu: alisema hakuna atakayefungwa, na mvua ikaja ikaivunja mechi.

Wiki ile ya mwisho Pimbi hakukalika. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda, akienda anarudi kuangalia alichosahau, na hakuna alichosahau. Meno yake yaligongana yenyewe, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayevunja karanga mdomoni.

“Mkwe,” akasema mama mkwe wake, Bi Sururu, “keti. Unanizungusha kichwa.”

“Nimeketi, mama.”

“Umeketi na miguu inatembea?”

Pimbi akaitazama miguu yake. Kweli, ilikuwa inatembea.

Bi Sururu alikuwa akimenya viazi vitamu mlangoni pa pango. Kikongwe mdogo, mkavu, mwenye ulimi wa kupasulia kuni. Mwaka uliopita Changarawe walimaliza wa saba, na yeye na mumewe wakaivuka mbuga pamoja na wenzao. Walikwenda wawili. Alirudi mmoja. Jambo hilo halikutajwa pale nyumbani, ila kila jioni Bi Sururu aliweka viti viwili mlangoni na kukalia kimoja.

“Na nikwambie mapema,” akaendelea, kisu hakisimami, “mwaka huu mimi siendi. Miguu hii imemaliza safari zake. Mkifungwa, nyinyi nendeni na watoto. Mniachie kibuyu kimoja cha maji, mnisukumie na jiwe mlangoni, fisi wasinisumbue.”

Alisema hivyo kama anayeagiza chumvi.

“Mama, usiseme maneno hayo.”

“Basi shinda mechi. Nani kakukataza?”

Pimbi akapiga hesabu moyoni. Kibuyu kimoja ni siku sita. Saba, kwa jinsi anavyojua kubana. Na kiangazi ni miezi mitatu. Ka-ka-ka-ka, meno yakaanza tena.

Zikiwa zimebaki siku tatu, alasiri, ardhi ikatikisika. Pu! Pu! Pu! Kahawa ikaruka birikani. Alikuwa Nyati, na Kiboko, na Kifaru, na nyuma yao Ngiri, meneja wa timu yao, mkia umesimama wima kama kijiti cha bendera.

Ila kabla hawajafika jiweni, hondohondo mmoja akalia mtini upande wa kushoto. Kwaa!

Nyati akasimama papo hapo. Akageuka, akarudi hatua tatu kinyumenyume, akatema mate kulia kuondoa mkosi, ndipo akaja. Nyuma yake Kiboko akarudi hatua tatu, akatema. Kifaru naye akarudi, akamkanyaga Ngiri.

Pimbi akayaona yote hayo. Meno yake yakaacha kugongana.

“Wewe kifupi!” akanguruma Nyati. “Nasikia siku hizi wewe ni mchambuzi.”

“Shikamoo, mheshimiwa mwenyekiti. Najaribujaribu tu.”

“Haya, tuchambue sisi. Mbele ya jamaa zako wote, wasikie kwa mdomo wako. Kishindo wana nafasi gani ya kumaliza tatu bora?”

Jamaa za Pimbi wakachungulia mapangoni. Bi Sururu akaacha kumenya.

“Niseme la moyoni, mheshimiwa, au niseme la mwenyeji?”

“La moyoni!”

“Basi la moyoni ni hili.” Pimbi akamimina kahawa. “Kipa wenu Kiboko. Akisimama golini, mpira utapita wapi? Hata upepo unapiga hodi. Mabeki wenu wakijipanga, sisi huku kwetu jua limekwisha kuzama. Straika wenu Kifaru haoni mbali, tusifichane—”

“Nani kasema sioni?” akafoka Kifaru, akiutazama mti.

“—haoni mbali, lakini mabeki wetu wanamwona yeye. Na wakimwona, kila mmoja anakumbuka kaacha chungu motoni.”

Kishindo wakacheka, ho-ho-ho, vumbi likapanda.

“Sisi je? Winga wetu Digidigi anakimbia sana, ila anakimbia mpira. Kipa wetu Nungunungu kadaka mashuti manne msimu mzima, na mipira yote minne imepasuka. Mimi mwenyewe nikipiga kona, lazima nipumzike kwanza nusu ya njia. Kwa mguu, mheshimiwa, hatuwawezi. Mkishaingia uwanjani, nafasi ya tatu mmeibeba.”

“Mmemsikia?” Nyati akawageukia waliokuwa mapangoni. “Mmemsikia kwa masikio yenu?”

Kutoka mlangoni sauti ya Bi Sururu ikasema, “Tumemsikia. Mtu mzima ovyo.”

Pimbi akanywa kahawa yake. Ftuu. Akaweka kikombe chini. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo la pembeni, akauliza kwa upole:

“Kuingia mtaingilia getini, au?”

Kicheko cha Nyati kikakatika. “Kwa nini?”

“Aa, nauliza tu.”

“Uwanja wenu una geti moja! Tutapitia wapi pengine?”

“Hakuna pengine. Basi getini. Vizuri.” Pimbi akatikisa kichwa taratibu. “Geti ni zuri.”

“Lina nini?”

“Nani, geti? Halina kitu, mheshimiwa.”

“Hakuna mtu anayeuliza tu!”

“Mimi huuliza tu. Muulize mama mkwe wangu.”

Nyati akaondoka. Alipofika kwenye mto mkavu akarudi. “Lina nini?” “Halina kitu.” Akaondoka tena. Akarudi. “Lakini mbona uliuliza?” “Nimesahau hata kuuliza kwenyewe, mheshimiwa.” Mara ya tatu akasimama tu akimkazia macho Pimbi, kisha akaenda zake akikuna shingo.

Wasiwasi, wanangu, ni kama upupu. Ukimgusa mwenzako, anaanza yeye kujikuna.

“Umewasifu mpaka umenitia kichefuchefu,” akasema Bi Sururu. “Hivi mwanangu alikosa wote akakuona wewe?”

“Mama, hizi siku tatu za kungoja mechi zinaisha lini?”

“Zikiisha utajua. Keti.”

Siku ya mechi, jua halijakausha umande, Pimbi alikuwa getini na ufagio. Hilo halikuwa la ajabu. Mwenyeji ndiye hufagia geti. Uwanja wa Jabalini ulikuwa duara, umezungukwa na majabali na ukuta wa mawe, na mlango wake ulikuwa huo mmoja, mpana, wazi, hauna hata mlango wa mbao.

Akafagia. Fya, fya, fya. Ng'ambo, ndani ya nyasi ndefu, akaona kitu kimesimama wima kama kijiti cha bendera. Mkia wa Ngiri. Mwenye mkia alikuwa amelala kifudifudi, amejificha vizuri kabisa. Mkia ndio haukuambiwa.

Pimbi akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaangalia kila mahali isipokuwa penye mkia. Akachimba kishimo katikati ya geti, akatoa kwapani kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha alichokiokota chunguni kwa mama mkwe, akakizika, akasawazisha mchanga. Vumbi likamwingia mdomoni, akatema, ptu!

Nyasi zikafanya kwacha! kwacha! kwacha! na mkia ukaenda mbio kama moto wa nyika.

Haukupita muda Kishindo wakaja. Walikuja kwa nyimbo na ngoma, vumbi mbele vumbi nyuma, na mashabiki wao wameshaanza kugawana mahali pa kulala chemchemini. Walipofika hatua kumi kutoka getini, ngoma ikazimika yenyewe.

“Ndipo hapo,” akanong'ona Ngiri. “Katikati. Nimeona kwa macho haya. Na kapatemea.”

Ndani ya uwanja, mezani, alikuwa ameketi Kobe, kamisaa wa ligi. Alikuwa amesimika kijiti mchangani na jiwe jeupe mbele yake. “Kanuni ni kanuni,” akasema, neno moja baada ya jingine, kama anayelipa deni. “Kivuli cha kijiti kikigusa jiwe, na timu haijaingia, mechi imekwisha. Mabao matatu, pointi tatu, kwa aliye ndani.”

“Karibuni, wageni!” akaita Pimbi kutoka ndani. Moyo wake ulikuwa ukiruka kama chura kwenye ndoo. “Karibuni, geti liko wazi!”

“Umeweka nini hapa?” akanguruma Nyati.

Digidigi akajificha nyuma ya kivuli chake mwenyewe.

“Kiazi,” akasema Pimbi.

“Nini?”

“Kiazi kitamu, mheshimiwa. Cha kuchemsha.”

Nyati akawageukia wenzake, akacheka kicheko cha uchungu. “Kiazi! Mnamsikia? Anatuona sisi watoto. Mtu anaamka na umande, anachimba, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anatema mate, anazika kiazi!”

“Kingekuwa kiazi kweli, angesema si kiazi,” akasema Kiboko, na wote wakaona hapo pana hoja.

“Hatupiti! Timu yote, majabalini! Tutaruka ukuta!”

Basi, wanangu, mngeona. Kishindo wakapanda majabali. Kukuru, kakara, mawe yakaporomoka, po! po! po! Kifaru akapanda vizuri sana, akashuka vizuri sana, akasimama kifua mbele akauliza, “Tumeshaingia?” Alikuwa ameshukia alikopandia.

Kiboko akaona upenyo kati ya majabali mawili, upenyo ambao Pimbi na wanawe hupita wakienda kuota jua. Akatia kichwa. Akatia mabega. Kwikwi!

“Nimekwama!”

“Vuta pumzi!” akapiga kelele Ngiri.

“Nikivuta navimba!”

“Basi itoe!”

“Nikiitoa nazama!”

Wengine watatu nyuma yake wakasukuma. Hao nao wakakwama, mmoja nyuma ya mwingine, kama nguo zilizosokotwa.

Na kivuli kikasogea. Pimbi akakiangalia, akaangalia geti, akaangalia kivuli. Meno, ka-ka-ka-ka. Kilikuwa kimebakisha upana wa mkono. Kikabakisha vidole vitatu. Nyati alikuwa bado nje, anazunguka mbele ya geti, anasogea hatua moja, anarudi mbili. Na Pimbi alimjua Nyati, si mjinga. Akitulia tu, akavuta pumzi mara moja, ataingia. Na akiingia yeye, wataingia wote.

Vidole viwili.

Hapo ndipo akatokea Bi Sururu.

Alikuja kwa fimbo yake, kiko, kiko, kiko, anapita katikati ya mashabiki wa Kishindo kama wao ni nyasi. Pua yake juu, inanusa.

“Mkwe!” akaita, sauti inasikika bonde zima. “Kiazi changu kimoja kiko wapi? Niliweka chunguni saba, nimekuta sita!”

Pimbi akahisi ardhi inamkimbia. “Mama,” akasema kwa sauti ndogo, “mama, subiri kidogo.”

“Nisubiri nini na njaa ninayo?” Pua ikashuka, ikashuka, ikafika mchangani, katikati ya geti. “Ahaa.”

Akachimba kwa ncha ya fimbo. Akakitoa. Akakipangusa kwenye kanga, upande huu, upande huu. Akakimenya. Akakitafuna.

Kilichosikika bonde zima ni Bi Sururu, nyam, nyam, nyam.

“Mwenyekiti,” akasema Ngiri taratibu. “Mbona kinafanana na kiazi?”

Kidole kimoja.

Pimbi akafumba macho. Akauona mlango wa pango, jiwe mlangoni, na viti viwili nje havina mtu.

“Ngiri,” akasema Nyati, na sauti yake ilikuwa imekauka, “wewe umewahi kuona mtu akila kitu kilichozikwa getini?”

“Sijawahi.”

“Mchana kweupe? Mbele ya watu? Hata mikono hakunawa?”

“Sijawahi, mwenyekiti.”

“Na hakimfanyi kitu?” Nyati akarudi hatua. “Mpumbavu wewe! Huyo siye aliyewekewa. Huyo ndiye mwenye mali! Huyo bibi ndiye fundi wao wa uchawi!”

Bi Sururu akainua kichwa, mdomo umejaa, akayaona madume manane yamemkodolea macho. Hakupenda kutazamwa akila tangu usichana wake. Akanyoosha fimbo.

“Mnanitazama nini?”

“Mama yangu wee!”

Puuu! Mbio! Nyati mbele, Ngiri nyuma, mkia juu. Kifaru akakimbia pia, kuelekea upande wake mwenyewe. Hata Kiboko, aliyekuwa amekwama, akapata nguvu alizozikosa asubuhi nzima, akachomoka kinyumenyume, pwaa! na wale watatu wakaruka naye kama vizibo.

Kivuli kikagusa jiwe. Priiii! Filimbi.

“Kanuni,” akasema Kobe, “ni kanuni. Changarawe tatu, Kishindo bila. Changarawe wa tatu.”

Changarawe wakalia, wakacheka, wakambeba Nungunungu juu, wakamshusha haraka. Pimbi hakushangilia. Aliketi chini. Ndiyo mara ya kwanza wiki ile kuketi na miguu yake ikaketi naye.

Alasiri Nyati akaja kusimama mbali, ng'ambo ya mto mkavu, virago vimeshafungwa. “Mwongo wewe!” akapaza sauti. “Ulisema nafasi ya tatu tumeibeba!”

“Nilisema mkishaingia uwanjani, mheshimiwa,” akajibu Pimbi. “Utabiri wa kumi na nne. Huu nimepatia.”

Nyati akapiga kwato chini, akageuka. Na msiwahurumie sana Kishindo, wanangu. Walifika Mto wa Mbali salama. Mamba gani atafungua mdomo wake kwa Kiboko? Walikuwa na uwezo wa kwenda kila mwaka na kurudi wazima, na kila mwaka walibaki, wakawatuma wadogo.

Bi Sururu alikaa chemchemini kiangazi chote, miguu ndani ya maji, kiti cha pili pembeni yake. Alipoelezwa habari yote, toka mwanzo hadi mwisho, alisema neno moja tu: “Kiazi chenyewe hukukiivisha vizuri.”

“Mama, ulikichemsha mwenyewe.”

“Ulikiiba mapema.”

Lakini jioni moja, wakirudi kutoka uwanjani, Bi Sururu akasimama ghafla getini. Yeye alikuwa amepita katikati. Mkwe wake alikuwa ameambaa na nguzo, ubavu ukutani, akivuta tumbo ndani.

“Mkwe, mbona unapita pembeni?”

“Nani, mimi?” akasema Pimbi, akijipangusa mchanga ubavuni. “Napita tu.”

Basi hurafa yangu imefika getini. Anayeogopa apite pembeni, asiyeogopa aingie, na nyote shikeni hili: mwenye nguvu akiuogopa mlango, usijisumbue kuufunga.